Skrubu za Toleo la Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza kazi mpya saa nne hiyo hiyo. Miaka sita nimekaa mapokezi ya karakana hii, nikipokea tableti zilizopasuka vioo na kuandika majina ya wenyewe kwenye vibandiko. Leo Meneja ameniita, akanionyesha dawati la dirishani lenye kompyuta, akasema, "Wewe unaandika vizuri. Tuandikie mwongozo."

Mwongozo wenyewe ni wa kutengeneza tableti wanazotembea nazo wakunga na wauguzi wa vijijini. Ziko elfu mbili. Zikiharibika zinaletwa hapa au kwenye matawi yetu matano, na kila fundi anazifungua anavyojua yeye. Kiwanda kilituletea karatasi tisa tu za vipimo: upana wa kioo, uzito, volti za betri, michoro ya mahali pa skrubu. Zote kwa lugha ya kigeni, na hakuna panaposema mtu aanzie wapi. Kazi yangu ni kukaa na mafundi, kuangalia mikono yao, na kuandika kwa Kiswahili ambacho mtu aliye peke yake tawini, bila wa kumuuliza, atakifuata hatua kwa hatua.

Meneja anataka niandike "kishikwambi". Mafundi wote wanasema tableti. Nitaandika kishikwambi kwenye jalada na tableti ndani, tuone nani atagombana nami kwanza.

Shangazi, ambaye ninaishi naye, alicheka niliporudi nyumbani. "Kwa hiyo sasa unaandika jinsi ya kutengeneza?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe mwenyewe unajua kutengeneza?"

Nikaenda kuanika mwavuli.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi Mkuu tunamwita Kibano, kwa sababu ya kibano chake cha chuma kisichotoka mfuko wa shati. Ana miaka ishirini na tatu mezani. Hapendi nikae kando ya kiwiko chake.

"Mzee, unapasha moto kiasi gani mpaka gundi ya kioo iachie?"

"Mpaka ikubali."

"Nyuzi ngapi?"

"Karani, andika: mpaka ikubali."

Nikaandika. Kisha nikakata.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Gundi haikauki. Tableti kumi na nne zimebanwa mezani tangu jana na bado vioo vinateleza. Kurasa mbili tu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nilimwomba Kibano anionyeshe anavyounganisha kebo ya kioo kwenye bodi, ile sahani ya saketi. Ni kebo nyembamba kama utepe, na soketi yake ni ndogo kuliko punje ya mchele. Alipofika hapo hapo, akanigeuzia mgongo, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa bodi, akamaliza, akageuka. "Umeona?"

"Sijaona, Mzee. Ulinipa mgongo."

"Basi siku nyingine."

Ni mchoyo wa ujuzi huyu mzee. Nimeshaliandika na silifuti.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya nne mvua haijakatika. Limeingia toleo la pili la tableti zile zile. Nje hazina tofauti. Ndani ni kitu kingine kabisa. Betri ni kubwa zaidi na imesogezwa mpaka chini ya ukingo wenye kamera. Skrubu ni kumi: sita za milimita nne, nne za milimita mbili. Zile fupi zimewekwa palipo na betri chini yake, ili ncha isiifikie. Kiwanda kimeleta karatasi mpya ya vipimo yenye mchoro na namba.

Meneja anataka kila kitu kiende kwa mpiga chapa kabla ya mwezi kuisha. Nimeandaa jedwali la skrubu za toleo la pili, namba na urefu wake, kwa kufuata lile la kwanza. Saa nane mchana nilikuwa nimemaliza ukurasa wake, wa thelathini na moja. Mgongo unaniuma, lakini nina furaha.

Jumatatu, 24 Machi

Ukaguzi. Kila ukurasa lazima uwe na saini ya Kibano chini ya neno "Nimekagua". Nilimpelekea rundo zima. Hakulishika.

"Soma," akasema. "Mimi ninakagua kwa masikio."

Nikasoma. Mwanzoni nilidhani ni jeuri tu ya mkubwa, lakini masikio yake yalinikamata mara tatu. Nilikuwa nimeandika kebo ya betri ifunguliwe baada ya kebo ya kioo. "Kinyume," akasema akiwa amefumba macho. "Umeme kwanza ukatwe. Hapo umeunguza bodi ya watu."

Ukurasa wa thelathini na moja nilisoma hatua zote. Jedwali sikulisoma, maana nani anasoma jedwali kwa sauti? Nikamwekea karatasi mbele. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. "Sawa," akasema. Akaweka saini, nusu yake nje ya mstari.

Ijumaa, 28 Machi

Nakala sitini zimetoka. Zinanuka wino. Shangazi alipekua ya kwake mwanzo hadi mwisho akitafuta jina langu.

"Halimo, shangazi. Ni kitabu cha ofisi."

"Basi hata ukikosea hawatakujua," akasema, tukacheka wote wawili mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 2 Aprili

Mama Pacha amepiga simu. Ni fundi pekee wa tawi la mlimani. Sijawahi kumwona, namjua kwa sauti. "Dada, umetuokoa," akasema. "Hizi mpya nilikuwa nazifungua kwa kubahatisha, roho mkononi." Nilishinda siku nzima nikitabasamu peke yangu kama niliyepewa zawadi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Hakuna jipya.

Jumanne, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaandika kama ilivyotokea.

Saa tatu asubuhi simu ya Meneja ililia. Aliisikiliza amesimama, kisha akakaa. Mama Pacha ameungua jana jioni. Alikuwa amebadilisha kioo cha tableti ya toleo la pili na alikuwa anaifunga. Betri ikatoa moshi, ikalipuka moto mikononi mwake. Mkono wa kulia umeungua hadi juu ya kifundo. Yuko hospitali. Meza imeteketea, nyumba imesalimika.

Meneja alituita mimi na Kibano. "Betri imetobolewa na skrubu," akasema. "Amekaza mpaka ikapenya. Miaka minane ya kazi, anakaza skrubu kama anapigilia msumari! Huo ni uzembe, na nitauandika hivyo."

"Skrubu ipi?" akauliza Kibano.

Meneja akatazama karatasi yake. "Ya pili kutoka kushoto, upande wa kamera."

Skrubu hiyo imo kwenye jedwali langu, ukurasa wa thelathini na moja. Nilirudi dawatini nikatoa karatasi za kiwanda, mchoro wa toleo la kwanza na wa toleo la pili, nikaziweka pamoja. Kwenye mchoro wa kwanza kamera iko juu. Kwenye mchoro wa pili kamera iko chini. Kiwanda kiliugeuza mchoro, labda ili maandishi ya betri yasomeke wima. Mimi nilikuwa nimehesabu kote kuanzia juu kushoto, kama mtu anayesoma kitabu. Lakini fundi huilaza tableti kamera ikiwa juu, kwa hiyo kwenye jedwali langu skrubu ndefu zimeenda mahali pa fupi, na fupi mahali pa ndefu. Milimita nne nimeipeleka palipotaka mbili, na chini ya mahali hapo, kwa unene wa ukucha, ipo betri.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa sahihi: nilipiga simu matawi yote, nikawaambia wasifunge tableti yoyote ya toleo la pili mpaka watakaposikia kutoka kwangu. Tawi moja waliniuliza kwa nini. Nikasema, "Tunahakiki."

Jambo la pili naliandika hapa kwa sababu hakuna mtu nitakayemwambia. Nilifungua faili la mwongozo kwenye kompyuta, nikarekebisha namba kumi, nikahifadhi. Haikuchukua hata dakika mbili. Ukurasa ukapendeza, uko sahihi, kana kwamba haujawahi kuwa vingine. Ningeweza kutuma karatasi ndogo ya kubandika juu ya jedwali la zamani, "marekebisho ya kawaida", na nani angelinganisha? Meneja hajaufungua mwongozo tangu utoke. Ripoti yake tayari ina mtu wa kubeba lawama.

Nilikaa nikiutazama ukurasa ule mpaka watu wa usafi wakaanza kuinua viti. Kisha nikarudisha namba zote kama zilivyokuwa. Sikufanya hivyo kwa ujasiri. Sauti ile tu, "Dada, umetuokoa", ilikuwa haitoki masikioni.

Shangazi aliniuliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Jumatano, 9 Aprili

Nilifika kabla ya wote isipokuwa Kibano. Nikaweka michoro miwili mbele yake, nikamweleza. Hakuitazama. Alikuwa ananitazama mimi, au upande wangu.

"Umemwambia nani?"

"Bado."

"Ukurasa ule nina saini."

"Unayo, Mzee. Lakini kosa ni langu. Nitasema ni langu."

Akatoa kibano mfukoni, akakigeuza geuza. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi nisogee ili nimsikie.

"Jedwali lako sikuliona," akasema. "Nililitazama, sikuliona. Kwangu ule ukurasa ulikuwa ukungu wenye mistari. Daktari alishaniambia ni mtoto wa jicho, yote mawili. Alisema upasuaji. Mimi nikasema, wakikosea nitakula nini? Fundi kipofu ni mzigo wa nani?"

"Lakini unatengeneza! Kila siku nakuona."

"Mkono unaona. Skrubu naijua kwa ukucha, fupi na ndefu. Kebo naisogelea mpaka nainusa. Karatasi haina kimo, binti. Karatasi siwezi kuipapasa."

Hakuwahi kuniita binti. Nikakumbuka mgongo aliokuwa akinipa kila alipofika penye kazi ndogo, na nilichoandika humu kuhusu uchoyo. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama, ingawa yeye asingejua.

"Twende," akasema, na akasimama kabla yangu.

Meneja alikuwa na ripoti mezani, imeshaandikwa, haijatumwa. Nilianza mimi. Nilimwonyesha michoro, nikamwonyesha jedwali, nikasema, "Mama Pacha alifuata nilichoandika. Kama angekuwa mzembe asingeungua." Nilidhani atanifokea. Alisogeza michoro miwili ikae sambamba, akafuata skrubu kwa kidole. Kisha Kibano akasema ya kwake, kwa sentensi chache, kama mtu anayesoma orodha ya vipuri.

"Huoni tangu lini?" Meneja akamuuliza.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na mimi nimekaa meza ya tatu kutoka kwako." Akaikunja ripoti mara nne, akaitia kwenye kapu. "Mwaka mzima."

Nimepewa barua ya onyo. Nimeitia saini na naiona ni haki yangu. Kibano hatashika bisibisi mpaka arudi na cheti cha daktari wa macho. Mchana Meneja alipiga simu hospitali mwenyewe, akamsomea Mama Pacha ripoti mpya neno kwa neno, na kosa ni la nani. Nakala zote sitini zinarudishwa.

Tulipokuwa tunatoka akatuita. "Na huo mwongozo mpya, mnadhani nitampa nani? Nyinyi wawili. Nitamtoa wapi mwingine anayejua ulipokosea?"

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua nyepesi. Nimepima kila skrubu ya matoleo yote mawili kwa mkono wangu, moja moja. Michoro nimeichora upya mwenyewe, kamera juu kote.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeamua kwamba hakuna ukurasa utakaotoka bila kujaribiwa na mtu asiyejua chochote. Asiyejua chochote niliye naye karibu ni Shangazi. Meneja aliniruhusu kubeba tableti mbovu isiyo na betri.

Shangazi alivaa miwani, akafunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kupika kwa watu mia, akaanza kusoma kwa sauti. Mimi nilijiapiza kukaa kimya.

"'Ondoa skrubu zote.' Haya, nimeondoa." Akazimimina zote kumi kwenye kisahani, zikalia.

Sikuvumilia. "Shangazi! Zote pamoja? Si zina urefu tofauti!"

"Umeandika zote. Wapi uliandika mbalimbali?"

Nikatazama. Sikuwa nimeandika. Fundi anajua, kwa hiyo hasemi, na mimi niliyekaa na mafundi wiki sita nimeshaanza kutosema. Sasa hatua ile inasema: weka kila skrubu juu ya namba yake kwenye mchoro, isitoke hapo.

"'Inua kioo.' Niinue kutoka upande gani?"

Nikaandika.

"'Pasha moto ukingo.' Kwa pasi?"

"Hapana, shangazi!"

"Basi sema kwa nini. Usinifokee, sema."

Tulitumia alasiri nzima kwa kurasa nne. Mwishoni akaiinua tableti iliyofungwa, akaitikisa, hakuna kilicholia ndani. "Hata mimi nimeweza," akasema, na jirani alipopita akamwita aje aone.

Ijumaa, 25 Aprili

Kibano anaendelea kuja kila siku ingawa haruhusiwi kugusa meza. Anakaa kwenye kiti cha wateja, mikono magotini, na kunieleza. Leo nilimuuliza mtu atajuaje kwamba skrubu siyo yenyewe kabla haijafika kwenye betri.

"Itamwambia. Ikikataa, asimamishe. Airudishe nusu mzunguko, ajaribu tena kwa vidole viwili tu. Ikikataa mara ya pili, siyo yake. Aitoe."

"Mbona hili halikuwemo kwenye kitabu cha kwanza?"

"Hukuniuliza. Na mimi sikutaka uniulize. Kila swali nililiona linakuja kuangalia macho yangu."

Nikamwambia niliyokuwa nikimfikiria. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mchoyo? Nilikuwa naogopa, Karani. Kwa nje vinafanana."

Jumatano, 30 Aprili

Kibano amefanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Hakuna mvua leo, joto tu.

Jumanne, 6 Mei

Kibano amekuja na bandeji imeondolewa. Akasimama mlangoni akinitazama muda mrefu.

"Karani, kumbe una mvi."

Akachukua ukurasa wa thelathini na moja mpya, akasoma jedwali kwa sauti, mstari kwa mstari, akipima kila skrubu pembeni. Kidole kilifuata maandishi kama cha mtoto anayejifunza. Saini ikakaa juu ya mstari.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda tawi la mlimani na mwongozo mpya. Ningeweza kuutuma. Njia nzima niliandaa maneno ya kumwambia Mama Pacha.

Ni mwanamke mrefu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Meza ni mpya, ukuta wa nyuma bado mweusi. Mkono wake wa kulia una ngozi laini ya waridi, na vidole viwili havikunjiki.

"Dada," nikasema, "ni mimi niliyeandika ukurasa ule."

"Najua."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Alinitazama, si kwa hasira. "Unajua kinachonisumbua?" akasema. "Siyo mkono. Niliisikia ile skrubu ikikataa. Miaka minane nazijua. Nikajiambia, kitabu kinajua kuliko mimi, nikakaza." Akavuta kiti kwa mguu. "Kaa. Nipe hicho kipya."

Akachukua tableti ya toleo la pili kwenye rafu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza. Bisibisi aliishika kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukishikilia ukingo. Alifuata kila hatua kama ilivyoandikwa, hata zile ambazo angeweza kufanya usingizini. Mahali fulani alichukua penseli, akaweka alama, akaendelea. Alipofika kwenye skrubu za upande wa kamera, nilishika kiti. Akaichukua ile fupi kutoka juu ya namba yake, akaitia, akaizungusha kwa vidole viwili. Ikaingia. Akaisikiliza mpaka mwisho.

Ilimchukua saa mbili kasoro. Akaiwasha, ikawaka. Akafunga bisibisi kwenye kitambaa, ndipo akanigeukia.

"Skrubu ziko sawa," akasema. "Michoro ni mizuri. Lakini hili neno 'kwa uangalifu' umeliweka kila mahali. 'Inua kwa uangalifu.' 'Vuta kwa uangalifu.' Nimelihesabu mara kumi na tisa. Lifute. Uangalifu ninao, dada, hata siku ile nilikuwa nao. Wewe niambie nifanye nini, na niambie nitasikia nini."

Hakusema kama amenisamehe, nami sikumuuliza. Nilisogeza kiti mpaka mezani, nikatoa kalamu, nikaanza kufuta moja baada ya jingine mbele yake. Kila palipobaki wazi nilimtazama, naye akafikiri kidogo, akaniambia cha kuandika hapo.

"Hapa," akasema tulipofika kwenye kuinua kioo, "andika: gundi italia kama karatasi inayochanika. Usishtuke. Endelea."

Nikaandika.